Tarehe ya Pikipiki ya Safari

Miongoni mwa vyombo vyote ambavyo binadamu amevibuni kwa ajili ya kuvuka masafa, pikipiki ya safari ni kimoja ambacho tarehe yake haikuandikwa na viwanda peke yake. Viwanda viliifua, viliipaka rangi na kuitia majina yao. Walakini waliosema ni nini kilichopungua na ni nini kilichozidi, ni wapi chuma kilipokatika na ni wapi mtu alipochoka, ni wale waliotoka majumbani mwao wakaenda nayo mbali, kisha wakarudi na malalamiko. Kila kitu ambacho mwenye chombo hicho leo hukiona kuwa cha kawaida, kinga ya upepo mbele ya kifua, masanduku ya mizigo ubavuni, stata ya umeme, shafti badala ya cheni, kilikuwa hapo kwanza ni adha iliyompata msafiri fulani mahali fulani. Azma ya makala haya ni kuzifuata adha hizo hatua kwa hatua, tuone namna zilivyotoka mikononi mwa mpandaji zikaingia tumboni mwa mashine, na tupime mpandaji alitoa kitu gani badala ya raha aliyoipata.

Kwa pikipiki ya safari nakusudia ile ambayo mwenyewe huimiliki si kwa kufikia kazini asubuhi na kurudi jioni, wala si kwa kushindania vikombe, bali kwa kubebea nguo zake, chakula chake, zana zake, na aghalabu mwenziwe mmoja, kutoka mji hata mji na nchi hata nchi. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walipotengeneza huko Cannstatt, Ujerumani, mwaka 1885, chombo cha mbao chenye injini ya petroli kati ya magurudumu mawili, hawakuwa na fikra hiyo hata kidogo. Walitaka kuijaribu injini yao tu, na walipokwisha kuridhika nayo waliyaelekea magari, wakaiacha pikipiki itafute wazazi wengine.

Mmoja wa wazazi hao alikuwa George Wyman, mwendesha baiskeli wa mashindano, ambaye tarehe 16 Mei 1903 aliondoka San Francisco kwenda New York juu ya kijipikipiki kilichoitwa California, chenye nguvu isiyofika hata nguvu za farasi wawili. Sehemu kubwa ya bara la Marekani wakati huo haikuwa na barabara ya kustahili jina hilo, na alipofika katika nyika za Nevada na Wyoming, Wyman hakupata njia iliyo bora kuliko reli yenyewe, akapita juu ya mataruma, moja baada ya jingine, mifupa ikitikisika na chuma kikilegea. Mkanda wa ngozi uliopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma ulikuwa wa tabia ya ngozi zote, hunyauka juani na kuteleza mvuani. Alipokaribia Albany injini ilikataa kabisa kufanya kazi, na maili 150 zilizobaki alizimaliza kwa kukanyaga pedeli. Aliingia New York tarehe 6 Julai, siku 20 kabla ya Horatio Nelson Jackson, mtu wa kwanza kulivuka bara lile kwa motokaa. Ushindi huo haukuwa wa mashine, maana mashine ilikuwa imekwisha kufa. Ulikuwa wa miguu ya mtu, na kwa miaka mingi baadaye hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwamba mpandaji mwenyewe alikuwa ndiye injini ya akiba.

Waingereza, ambao ni watu wa kupenda kukata hoja kwa mashindano, walitafuta njia nyingine ya kukitengeneza chombo hiki. Tarehe 28 Mei 1907, katika Kisiwa cha Man, walifungua mbio za Tourist Trophy, ambazo leo zinajulikana kwa kasi ya kuogofya, lakini ambazo asili yake ilikuwa ni kuzitahini pikipiki za msafiri wa kawaida. Kila pikipiki ilitakiwa iwe na tandiko la kukalia, madigadi, pedeli, na kizuizi cha kelele katika eksozi. Na petroli ilipimwa, kwamba yenye silinda moja isitumie zaidi ya galoni moja kwa maili 90, na yenye silinda mbili isitumie zaidi ya galoni moja kwa maili 75. Charlie Collier alishinda fungu la silinda moja juu ya Matchless kwa wastani wa maili 38 kwa saa. Hata hivyo, tamaa ya kasi haikukawia kulila kusudi la kwanza: mwaka uliofuata pedeli zilipigwa marufuku, baadaye kipimo cha petroli nacho kikaondolewa, na kikombe kilichowekwa kwa ajili ya wasafiri kikawa cha wakimbiaji. Tangu hapo njia mbili ziliachana, na yule aliyetaka kwenda mbali, si kwenda mbio, alibaki na barabara kuwa mwalimu wake.

Ili msomaji wa leo aijue thamani ya mafunzo ya mwalimu huyo, yampasa azijue kazi za mpandaji wa zama zile. Mafuta ya kulainisha injini hayakuzunguka yenyewe. Palikuwa na pampu ndogo ya mkono karibu na tangi, na kila baada ya maili chache mpandaji aliisukuma, kisha akageuza uso kuutazama moshi wa eksozi: moshi hafifu wa buluu ulimwambia kuwa injini imeshiba, na kukosekana kwake kulimwonya kuwa pistoni i karibu kukwama. Wakati wa cheche ya plagi ulirekebishwa kwa wenzo mdogo katika usukani, ukacheleweshwa katika kupanda mlima na ukawahishwa katika tambarare. Hewa na petroli nazo kila moja ilikuwa na wenzo wake. Usiku taa zilikuwa za karabai, ambamo maji yalidondoka juu ya madini yakatoa gesi ya kuwaka. Masizi yaliyogandamana juu ya pistoni yalikuwa hayana budi kukwanguliwa kila baada ya maili elfu chache, valvu zikasagwa upya katika vikalio vyake, spoki zikakazwa, na tairi, ambazo kwato na mawe ya njiani yalizila bila huruma, zikafunuliwa na tyubu kuzibwa pale pale kando ya njia. Asiyezijua kazi hizi, hata kama alikuwa na risiti ya dukani, hakumiliki pikipiki. Alimiliki shehena ya chuma.

Katika hali hiyo Mmarekani Carl Stearns Clancy aliianza, mwezi wa Oktoba 1912, safari ya kuizunguka dunia. Chombo chake kilikuwa Henderson, pikipiki ya silinda nne zilizopangwa kwa safu moja, ambayo kiwanda chake kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kazi Detroit. Alianzia Dublin pamoja na rafiki yake Walter Storey, lakini Storey alirudi kwao walipofika Paris, na Clancy akaendelea peke yake kupitia Hispania, Algeria, Ceylon, China na Japani, akarejea New York mwezi wa Agosti 1913 baada ya mwendo wa maili zipatazo 18,000. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuizunguka dunia kwa pikipiki, na safari yake ilithibitisha jambo ambalo wauzaji walikuwa hawajathubutu kuliahidi, yaani kwamba injini yenye silinda nyingi zenye mtetemo mdogo humchosha mtu kidogo kuliko injini yenye silinda moja yenye ngumi. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa viwanda kulizingatia fundisho hilo kwa dhati.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pikipiki ilipata heshima nyingine katika Uingereza: ilikuwa gari la jamaa wa kipato cha chini. Mume alipanda mbele, mke akaketi katika kigari cha pembeni, na mtoto akawekwa palipopatikana nafasi, wakaenda pwani siku za mapumziko. Austin ilipoleta gari dogo la bei nafuu, Austin Seven, mwaka 1922, wengi walianza kukihama kigari cha pembeni; hata hivyo viwanda kadhaa viliendelea kutengeneza pikipiki za kukivuta, na miongoni mwa hivyo kilikuwa kiwanda cha Phelon & Moore cha Cleckheaton, Yorkshire, ambacho pikipiki zake ziliitwa Panther. Injini ya Panther ilikuwa na silinda moja ndefu iliyolala kuelekea mbele, nayo yenyewe ilikuwa ni sehemu ya fremu, ikishika mahali pa bomba ambalo pikipiki nyingine huwa nalo. Haikuwa na mbio, wala haikuwa na madaha. Ilikuwa na nguvu ya kuvuta taratibu kutwa nzima, sifa ambayo mwenye mizigo huithamini kuliko zote.

Panther ya namna hiyo, ya sentimita za ujazo zipatazo 600, ikiwa na kigari cha pembeni na tela nyuma yake, ndiyo iliyoondoka London tarehe 11 Desemba 1934 ikiwachukua wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, kuelekea Cape Town. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Blenkiron alikuwa amekwisha kupata Nyota ya Dhahabu katika uwanja wa Brooklands kwa kupita kasi ya maili 100 kwa saa, na Wallach alikuwa amesoma uhandisi katika chuo cha Northampton Polytechnic, London, wakati ambao msichana katika darasa la namna hiyo alikuwa ni ajabu. Lakini maarifa ya Brooklands, ambako njia ilikuwa ya saruji na karakana ilikuwa karibu, yalikuwa kitu kimoja, na Sahara kitu kingine.

Walivuka bahari hata Algiers, wakashika njia ya kusini kupitia Tamanrasset, bila dira. Mchanga ndio uliokuwa hasimu wao wa kwanza. Magurudumu matatu ya pikipiki na kigari, pamoja na yale ya tela, hayafuati mkondo mmoja, na mahali ambapo gurudumu moja lilipita salama jingine lilizama; ikawa kazi yao ya kila siku ni kuchimba, kusukuma, kwenda hatua chache, kisha kuchimba tena. Injini nayo, iliyokuwa ikivuta mzigo mkubwa kwa gia ndogo katika joto lisilo na upepo, ilidhoofika hata ikashindwa, na huko Agadez, mahali ambapo hapakuwa na duka la vipuri wala wakala wa kiwanda, Wallach aliifungua yote na kuijenga upya.

Jambo hilo linastahili kutafakariwa. Kuifungua injini hakumshindi mtu mwenye spana. Kuijenga upya katika vumbi, kupima kwa jicho na kwa ncha za vidole pengo ambalo kiwandani hupimwa kwa chombo, kuamua ni kipi kilichochakaa lakini bado kitahimili na ni kipi ambacho hakitahimili hata siku moja, hiyo ni elimu ambayo haimo katika kitabu cha maelezo kinachotoka na pikipiki. Elimu hiyo alikuwa nayo, na kwayo waliendelea kupitia Nigeria hata Kongo, wakaingia Uganda, Kenya na Tanganyika. Barabara kuu za nchi zetu wakati huo zilikuwa za udongo. Kiangazi zilikuwa vumbi na matuta, na masika udongo mweusi wa nyikani uliganda katika magurudumu hata madigadi yakajaa na gurudumu likakataa kuzunguka. Waliwasili Cape Town tarehe 29 Julai 1935, baada ya miezi saba na nusu. Pikipiki waliyofika nayo ilikuwa imepita mikononi mwao kiungo kwa kiungo, kiasi kwamba mtu angeweza kusema wao pia ni miongoni mwa walioiunda.

Wakati Wallach akihangaika na mchanga, huko Bavaria palikuwa na kiwanda ambacho kilikuwa kimekwisha kulijibu swali moja kubwa la msafiri. BMW kilikuwa kiwanda cha injini za ndege, na mkataba wa amani wa Versailles ulipowazuia Wajerumani kutengeneza injini hizo, kililazimika kutafuta riziki penginepo. Mhandisi wake Max Friz alisanifu pikipiki iliyotoka mwaka 1923 kwa jina la R32, yenye silinda mbili zilizotoka nje kulia na kushoto ili zipate upepo sawasawa, na yenye shafti ndani ya bomba iliyopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Msafiri aliyewahi kulala kifudifudi kando ya njia akitafuta kiungo cha cheni kilichokatika atajua mara moja faida ya shafti: haikazwi, hailegei, hailiwi na vumbi, na haitaki kupakwa mafuta kila jioni. Ina uzito zaidi na gharama zaidi, na inapoharibika haitengenezwi na mtu wa njiani. Walakini huharibika kwa nadra sana. Katika shafti hiyo tunaiona kwa mara ya kwanza biashara ambayo pikipiki ya safari ingeendelea kuifanya karne nzima: taabu ndogo za kila siku ziliondolewa, na mahali pake ikawekwa taabu kubwa ya nadra ambayo mwenyewe hawezi kuitatua.

Biashara hiyo ilifika kilele chake Marekani. Sheria ya mwaka 1956 iliyotiwa sahihi na Rais Eisenhower ilianzisha ujenzi wa barabara kuu za maili 41,000, pana, nyoofu, zisizo na njia panda, na barabara hizo ziligeuza maana ya safari. Adui hakuwa tena shimo wala tope, bali upepo wa kifuani kwa saa nane mfululizo, usawa wa njia unaoleta usingizi, na uzito wa mizigo ya watu wawili. Harley-Davidson, kiwanda kilichoanza Milwaukee mwaka 1903, kiliweka stata ya umeme katika pikipiki yake kubwa mwaka 1965 na kuiita Electra Glide, na desturi ya kupiga kiki, iliyokwisha kuvunja vifundo vya miguu vingi, ikaanza kuwa hadithi ya wazee. Mikoba ya ngozi iliyoning'inia ubavuni mithili ya shogi za punda iliacha nafasi yake kwa masanduku magumu yenye kufuli.

Wenye pikipiki hawakungoja viwanda vimalize. Kijana mmoja wa Illinois, Craig Vetter, aliunda kinga ya upepo iliyoweza kufungwa katika pikipiki za viwanda mbalimbali, akaiita Windjammer, na tangu miaka ya mwanzo ya 1970 wanunuzi waliimiminikia. Honda ilipotoa Gold Wing mwaka 1975, pikipiki ya sentimita za ujazo 999 yenye silinda nne zilizolala, rejeta ya maji na shafti, haikuwa na kinga wala masanduku. Waliosanifu waliiona kuwa ni pikipiki kubwa ya kila matumizi, na ni wenyewe walionunua, hasa Wamarekani, waliokwenda dukani wakaivika Windjammer na mizigo, wakaifanya ya safari. Honda ilisoma somo lililoandikwa na wateja wake, na mwaka 1980 ilitoa Gold Wing ya sentimita za ujazo 1,100 iliyovikwa tayari kiwandani. Mwaka 1984 valvu zake zilijirekebisha zenyewe kwa nguvu ya mafuta. Mwaka 1988 silinda zikawa sita na pikipiki ikapewa rivasi, maana uzito wake ulikuwa umepita nguvu za mtu kuisukuma nyuma. Na mwaka 2006 ilikuwa pikipiki ya kwanza kuuzwa ikiwa na mfuko wa hewa wa kumkinga mpandaji katika mgongano.

Katika Gold Wing ile ya kwanza palikuwa na kitu kidogo ambacho mwanatarehe hapaswi kukipuuza. Tangi la petroli lilihamishiwa chini ya kiti ili uzito ukae chini, na mahali pa tangi la kawaida pakawekwa umbo la tangi lililo tupu, ambamo ndani yake zilihifadhiwa zana pamoja na mkono wa kiki wa kufunga na kufungua, kwa dharura tu. Wasanifu walikuwa na yakini kuwa stata ya umeme inatosha. Hata hivyo hawakuthubutu kumnyima kabisa mwenye pikipiki mguu wake mwenyewe. Baadaye walithubutu, na mkono ule ukatoweka. Kwamba yakini yao ilikuwa na msingi kulishuhudiwa na Emilio Scotto wa Argentina, ambaye kati ya mwaka 1985 na 1995 aliizunguka dunia kwa Gold Wing moja na kutimiza kilomita zipatazo 735,000, masafa ambayo mwaka 1912 yasingekuja hata ndotoni.

Lakini Afrika na Asia hazikuwa na barabara za Eisenhower, na msafiri wa huko alihitaji chombo kingine. Tarehe 6 Oktoba 1973, siku ile ile vita vilipozuka Mashariki ya Kati, mwandishi Ted Simon alitoka London juu ya Triumph ya sentimita za ujazo 500, kutoka kiwanda cha Meriden ambacho mwezi uliotangulia wafanyakazi wake walikuwa wamekifunga kwa kupinga kuachishwa kazi. Kwa vipimo vya Wajapani wa mwaka huo, Triumph hiyo ilikuwa imepitwa na wakati. Hata hivyo ilimfikisha Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia hata kusini mwa Afrika, kisha Amerika, Australia na Asia, na alirudi mwaka 1977. Kitabu chake cha mwaka 1979, Jupiter's Travels, kiliwatia watu wengi hamu ya kuondoka, nacho kilionyesha kuwa pikipiki yenye hitilafu za mara kwa mara, ambazo mtu wa kijijini mwenye koleo na waya anaweza kusaidia kuzitatua, humwingiza mgeni katika nyumba ambazo pikipiki isiyoharibika ingempitisha mbele yake kwa kasi.

Mwaka 1980 BMW ilitoa R80G/S, iliyokuwa na silinda mbili na shafti ya ukoo wa R32, lakini yenye miguu mirefu ya kupita mawe na usukani mpana wa kushikwa mtu akiwa amesimama. Wengi waliicheka, wakisema ni nzito mno kwa nyika na ndefu mno kwa lami. Jibu lilitoka Senegali: katika mbio za Paris hadi Dakar, Mfaransa Hubert Auriol alishinda nayo mwaka 1981 na tena mwaka 1983, na Mbelgiji Gaston Rahier akafuatia mwaka 1984 na 1985. Mwaka 1987 spoki zake zilihamishiwa ukingoni mwa rimu, hila ndogo yenye faida kubwa, kwa sababu rimu isiyotobolewa katikati hukubali tairi isiyo na tyubu, na pancha ambayo ilimtaka Wallach kulifungua gurudumu zima sasa huzibwa kwa kijiti cha mpira pasipo kulitoa. Pikipiki nyingi zinazoonekana leo katika njia ya Nairobi hata Moyale, au zikingoja kuvuka mpaka wa Tunduma, masanduku ya bati yakiwa yamefunikwa vumbi, ni za ukoo huo au za wale waliouiga.

Sasa turudi kwenye hesabu tuliyoiahidi. Mwenye pikipiki ya safari wa mwaka 1912 alitumia sehemu kubwa ya siku yake katika kuihudumia, naye akaijua kama daktari anavyoujua mwili. Mwenye pikipiki ya leo, ambayo petroli yake hupimwa na kompyuta na cheche yake huwashwa kwa hesabu asizoziona, huweza kwenda maelfu ya maili akiwa hajui hata mahali plagi zilipo. Akipatwa na hitilafu ya kihisio kidogo kisichozidi kidole, koleo na waya havitamfaa, wala fundi wa kando ya njia mjini Dodoma au Mbarara, ambaye kwa spana tatu huzifufua kila siku pikipiki ndogo za Kihindi na za Kichina zinazobeba abiria, hataweza kumsaidia kwa jambo kubwa, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kuwa chombo hakimfungulii mlango. Ni kwa sababu hiyo wako wasafiri wanaotafuta kwa makusudi pikipiki za zamani. Simon mwenyewe, alipoirudia safari yake mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka karibu 70, alichukua BMW R80GS ya kabureta, ambayo kiwanda kilikwisha kuacha kuitengeneza.

Hata hivyo ingekuwa si insafu kuisema raha kuwa ni hasara tupu. Wanaosifu uthabiti wa zamani aghalabu husahau waliokwama na hawakufika, maana hao hawakuandika vitabu. Fauka ya hayo, kazi ya mwenye chombo haikwisha. Imepungua na kubadilika sura. Tairi bado hupimwa upepo asubuhi kabla ya joto la njia kuupandisha. Mafuta bado hubadilishwa, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na hivyo huchemka kabla ya wakati wake katika mteremko mrefu, bado husahauliwa na wengi. Mizigo bado yataka kuwekwa chini na mbele iwezekanavyo, maana uzito uliorundikwa nyuma ya gurudumu la nyuma huunyang'anya usukani mamlaka yake. Wahenga waliosema kuwa mali bila daftari huisha bila habari walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini mwenye pikipiki anayeandika tarehe, maili na kila kilichobadilishwa, hujua mapema kiungo kinachozeeka, na anapoiuza, daftari hilo huongeza thamani kuliko rangi mpya.

Na maisha ya Theresa Wallach yenyewe yanatupa hukumu iliyo bora kuliko ya mtu aliyeketi mezani akiandika. Alipokwisha kurudi kutoka Cape Town, alitumikia jeshi la Uingereza wakati wa vita akiwa mpeleka barua kwa pikipiki. Kisha akahamia Marekani, akafungua duka la pikipiki mjini Chicago, akauza na kutengeneza kwa miaka mingi. Mtu aliyewahi kuijenga injini upya huko Agadez alikuwa na kila haki ya kuwafundisha watu injini. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1970 kilihusu kupanda, na alipohamia Phoenix, Arizona, skuli aliyoifungua ilikuwa ya kuwafundisha watu kupanda. Aliziona zama za pampu ya mkono zikipita, akaziona zama za stata na shafti zikiingia, na hakuna dalili kwamba alizililia zile za kwanza. Alitambua kuwa kiwanda kinaweza kumpokea mpandaji kazi ya kulainisha, ya kuwasha na ya kurekebisha, hata pengine ya kuziba pancha. Isipokuwa kazi ya kuamua ni mzigo gani upunguzwe, ni kona gani iingiwe taratibu, ni mvua gani isubiriwe chini ya paa, na ni saa ngapi mtu akiri kuwa amechoka na atafute pa kulala, hiyo hakuna mhandisi aliyewahi kuipokea. Taabu za mikono zimehamia kwenye mashine na kwa mafundi wake, na huenda hazitarudi. Taabu ya kuamua imebaki kwa mwenye chombo, na tangu Wyman hata leo, waliofika ni wale walioifanya vyema.